Martinus Beijerinck na Ugonjwa Usioonekana

Katika kurasa za jarida letu tumezoea kusoma habari za mashujaa wa vita na mashujaa wa kalamu. Mwaka huu naomba ruhusa nikupeleke Uholanzi, nchi ndogo, nikusimulie maisha ya marehemu Martinus Willem Beijerinck. Jina hilo huuma ulimi, najua. Nilipolitaja mara ya kwanza mbele ya wenzangu wa Chama cha Kiswahili, walicheka hadi machozi yakawatoka. Wewe litamke Beyerink, kisha tuendelee.

Beijerinck hakuwa mwanasiasa wala jemadari. Alikuwa mtu wa maabara, mkali kama pilipili, aliyekaa na majani ya tumbaku yaliyougua mpaka akatambua kitu ambacho hakuna jicho lililowahi kukiona. Kitu hicho ndicho tunachokiita virusi. Na kama unajiuliza mtoto wa uwanda wa Kano ana shughuli gani na Mholanzi wa karne iliyopita na ile nyingine, basi subira. Mpunga wetu umo katika hadithi hii, na tutaufikia.

Alizaliwa jijini Amsterdam tarehe 16 Machi mwaka wa 1851, akiwa kitindamimba katika watoto wanne. Babake alikuwa mwuza tumbaku. Biashara ile ikaanguka Martinus akiwa bado mtoto mdogo, jamaa ikahamia mji wa Naarden, na mzee akapata kazi ya ukarani katika shirika la reli. Fedha zilikuwa haba. Mpaka alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, mwalimu wa Martinus alikuwa babake mwenyewe, nyumbani. Maisha nayo yana mzaha wake: baba aliangushwa na tumbaku, na mwana akaja kujulikana ulimwengu mzima kwa sababu ya tumbaku hiyo hiyo.

Katika shule ya upili huko Haarlem alipenda mimea kupita kiasi. Akiwa bado mwanafunzi alishinda tuzo ya chama cha kilimo kwa kukusanya mimea 150 na kuipanga vizuri. Hebu fikiria, sisi tukiambiwa tulete majani kumi kwa ajili ya somo la bayolojia tunanung'unika wiki nzima! Baadaye aliingia chuo cha ufundi cha Delft, na huko akaishi chumba kimoja na kijana aliyeitwa Jacobus van 't Hoff. Vijana hawa wawili walifanya majaribio ya kemia mle mle chumbani mwao. Mwenzake huyo ndiye aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya kemia, mwaka wa 1901. Ama kweli kuna vyumba vya wanafunzi na vyumba vya wanafunzi.

Beijerinck alimaliza Delft mwaka wa 1872. Mwaka wa 1877 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leiden kwa utafiti kuhusu vivimbe vya mimea, yaani vile vinundu ambavyo hutokea kwenye jani au tawi wadudu wanapotaga mayai humo. Naomba usiipite habari hii upesi. Kinundu kile hakijengwi na mdudu. Hujengwa na mmea wenyewe, kwa seli zake wenyewe, lakini kwa amri ya mgeni. Swali hili la jinsi kitu kigeni kinavyoweza kuingia ndani ya mmea na kuufanya ujigeuze mwili wake lilimkaa kijana yule moyoni, nami naona ndilo lililomwongoza hata uzeeni.

Riziki yake aliipata kwa kufundisha. Alianza katika mji mdogo wa Warffum, akaenda Utrecht, na mwaka wa 1876 akahamia shule ya kilimo ya Wageningen. Hapo alimkuta mwalimu mwenzake, Mjerumani aliyeitwa Adolf Mayer, mwenye tatizo lililoletwa na wakulima. Mashamba ya tumbaku yalikuwa yakiugua. Majani yalitoka na mabaka, hapa kijani kibichi, pale kijani kilichofifia, kama sakafu iliyotandazwa vigae vya rangi mbili. Baadhi ya majani yalikunjamana na kudumaa. Tumbaku ya namna hiyo haikuwa na bei. Mayer ndiye aliyeuita ugonjwa huo mosaiki. Alisaga majani yaliyougua, akachukua utomvu wake, akauingiza katika mimea mizima, na mimea hiyo ikaugua. Kwa hiyo ugonjwa uliambukiza. Lakini ni nini kilichoambukiza?

Zingatia hali ya wakati ule. Hiyo ilikuwa enzi ya Louis Pasteur kule Ufaransa na Robert Koch kule Ujerumani. Mwaka wa 1882 Koch alitangaza kwamba kifua kikuu huletwa na bakteria, na wataalamu kila mahali wakaingiwa na imani kwamba kila ugonjwa wa kuambukiza una bakteria wake. Kazi iliyobaki ni kumtafuta tu. Mayer alitafuta. Beijerinck naye, kwa kuwa alikuwa stadi wa hadubini, aliombwa amsaidie. Wakatazama na kutazama. Hawakuona kitu. Mayer alipochapisha kazi yake mwaka wa 1886 alishikilia kwamba bakteria wamo tu, ila bado hawajapatikana. Beijerinck alinyamaza. Kwa maoni yangu kunyamaza huko ni jambo kubwa, maana ni rahisi mno kusema kitu kipo kwa sababu watu wote wanakitarajia.

Mwaka wa 1885 aliacha ualimu akaajiriwa na kiwanda cha hamira na spiriti huko Delft, kilichomjengea maabara yake. Hapa nitapita mbio, ingawa wataalamu wa udongo watanilaumu. Mwaka wa 1888 alifaulu kutenga bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi ya mimea ya jamii ya kunde, wale wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuilisha mimea. Ukisikia mkulima akishauriwa apande maharagwe ili kurutubisha shamba, jua kwamba Beijerinck ana mkono wake hapo. Mwaka wa 1895 alirudi katika chuo cha Delft, safari hii akiwa profesa, na mwaka wa 1897 akapewa maabara mpya yenye nyumba ya kioo ya kuoteshea mimea. Kitu cha kwanza alichokirudia ni kile kitendawili cha Wageningen.

Sasa twende polepole.

Alichukua utomvu wa tumbaku iliyougua akaupitisha katika chujio la kaure isiyopakwa rangi. Chujio hili lilibuniwa na Charles Chamberland, mwanafunzi wa Pasteur, na matundu yake ni madogo kiasi kwamba bakteria hawapiti. Utomvu ulitoka upande wa pili ukiwa mwangavu. Hadubini haikuonyesha kiumbe chochote. Akaudunga katika mmea mzima, nao ukaugua kama kawaida! Akaweka utomvu huo kwa muda wa miezi mitatu. Hakikuota kitu ndani yake, lakini uwezo wa kuambukiza haukupotea.

Mtu mwingine angesema, basi ni sumu. Mmea umelishwa sumu, umeugua, mambo yamekwisha. Beijerinck alifikiri zaidi ya hapo. Sumu, ndugu msomaji, hupungua kadiri unavyoigawa. Ukitia chumvi kijiko kimoja katika sufuria ya maji, kisha uchukue tone la maji hayo ulitie katika sufuria nyingine, na tone la hiyo katika ya tatu, mwisho hakuna chumvi tena. Yeye alichukua tone la mmea wa kwanza akaambukiza wa pili, tone la wa pili akaambukiza wa tatu, akaendelea hivyo. Ugonjwa haukupungua hata chembe. Tone dogo kabisa lilitosha kuugeuza mmea mzima, na mmea huo ulikuwa na uwezo wa kuambukiza mimea mingine mingi. Kwa hiyo kitu hicho kilikuwa kikizaana. Lakini kilizaana wapi, kama ndani ya chupa hakikui?

Jibu lake, alilolichapisha mwaka wa 1898, ndilo lililompa nafasi katika vitabu. Alisema kitu hiki hakiwezi kujizalisha peke yake. Huongezeka ndani ya seli hai za mmea tu, hasa zile changa ambazo bado zinagawanyika, kikivutwa ndani ya shughuli za seli yenyewe. Kwa Kilatini alikiita contagium vivum fluidum, maana yake ambukizo hai la majimaji, na katika maandishi yake akatumia neno virusi, ambalo zamani lilimaanisha sumu tu.

Haki itendeke hapa. Beijerinck hakuwa wa kwanza kuchuja. Mrusi mmoja, Dmitri Ivanovsky, alikuwa amefanya jaribio la chujio miaka sita kabla, mwaka wa 1892, na Beijerinck hakuwa na habari. Alipojulishwa alikubali hadharani kwamba Ivanovsky alimtangulia. Hata hivyo Ivanovsky aliendelea kuamini kwamba ni bakteria wadogo sana au sumu yao. Mwaka huo huo wa 1898 Wajerumani wawili, Friedrich Loeffler na Paul Frosch, walionyesha kwamba ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe nao hupenya chujio. Wafugaji wetu wanaujua sana ugonjwa huo.

Beijerinck naye alikosea mahali. Aliuweka utomvu juu ya agari nzito, na baada ya siku kadhaa akakuta maambukizo yamezama ndani. Akaona kwamba kitu kilichopenya hivyo lazima kiwe majimaji. Kumbe virusi ni chembe, ila ni ndogo ajabu. Alikosea umbo, lakini tabia aliipata sawasawa, na kwa mkulima tabia ndiyo yenye kazi.

Alichunguza pia njia ya ugonjwa ndani ya mmea. Aliona kwamba majani yaliyokwisha kukomaa kabla ya maambukizo hayatoki mabaka. Mabaka huonekana katika majani machanga yanayochipuka baadaye, kwani maambukizo husafiri pamoja na chakula cha mmea katika mishipa yake kuelekea sehemu zinazokua. Weka jambo hili akilini, maana sasa tunarudi nyumbani.

Mwaka wa 1966, mahali paitwapo Otonglo, karibu na Kisumu, kando ya Ziwa Viktoria, mpunga ulionekana ukiwa na ugonjwa ambao haukuwa umeelezwa na mtaalamu yeyote. Majani yalikuwa na michirizi na madoa ya manjano. Aliyeuchunguza ni Mholanzi W. Bakker, akautangaza mwaka wa 1970 kuwa ni ugonjwa wa virusi, na maelezo yake marefu yakachapishwa mwaka wa 1974 huko Wageningen, mji ule ule ambamo Beijerinck na Mayer walishindwa kuona bakteria. Virusi hivi vya madoa ya manjano ya mpunga vimepatikana barani Afrika na Madagaska tu. Aina zake zinatofautiana zaidi mashariki mwa Tanzania, na kwa ajili hiyo wataalamu wanaamini kwamba huko ndiko vilikoanzia.

Miaka michache iliyopita majaruba ya mjomba wangu yaliingia manjano wiki chache baada ya kupandikiza miche. Mwenye duka moja la pembejeo akamwambia udongo una njaa, aongeze mbolea. Mjomba akakopa, akanunua, akamwaga. Mpunga haukubadilika. Akaongeza tena. Msimu ulipoisha alikuwa na masuke yaliyonasa ndani ya vifuko vyake, yaani hayakuchomoza sawasawa, na mengi yalikuwa mapepe matupu. Deni likabaki. Binamu yangu alirudishwa nyumbani muhula uliofuata kwa sababu ya karo. Nilipokuja kusoma kazi ya Beijerinck maktabani ndipo nilipoelewa kwamba majani ya mjomba yalikuwa yakieleza jambo tofauti kabisa. Mmea ukikosa naitrojeni, majani ya zamani, ya chini, ndiyo hutangulia kuwa manjano, maana mmea huyanyonya ili kulisha machanga. Ukiingiliwa na virusi hivi, manjano huanza katika majani mapya, tena kwa michirizi na madoa. Hayo ndiyo aliyoyaona Beijerinck katika tumbaku.

Na virusi huuguzaje mpunga? Nitajitahidi kueleza kama nilivyoelewa, na mwalimu wetu wa bayolojia ameupitia ukurasa huu.

Chembe moja ya virusi hivi ina umbo la duara na upana wa nanomita 25 hadi 30. Katika milimita moja ya rula yako unaweza kupanga zaidi ya chembe 30,000. Ndani ya ganda lake la protini mna uzi mmoja wa RNA wenye herufi takriban 4,450 za maagizo. Basi. Hana mdomo, hana tumbo, wala hana nguvu zake mwenyewe. Hawezi hata kutoboa ukuta wa seli. Huingia kwa jeraha: mbawakawa akiguguna jani, mundu ukikata, mikono ya wapandaji ikichubua miche, ng'ombe au panya wakipita na kuvunja. Mbegu haivipitishi.

Akishaingia, ganda hufunguka na uzi ukatoka. Fikiria jiko la shule. Mpishi hupika akiletewa barua yenye muhuri wa mwalimu mkuu. Siku moja anaingia mgeni na barua ya kughushi, muhuri wake unafanana kabisa, na barua inasema pika chakula cha watu wangu, kisha nakili barua hii mara elfu. Mpishi hana kosa, ameona muhuri. Ndivyo ilivyo katika seli ya mpunga. Mmea una protini yake ya kuanzisha kazi ya kutengeneza protini nyingine. Uzi wa virusi una kijiprotini kidogo mwishoni mwake ambacho hushikamana na protini hiyo ya mmea kama ufunguo na kufuli, na kiwanda kikaanza kufanya kazi ya mgeni. Hapa ndipo ilipo siri aliyoinusa Beijerinck: virusi havizaani, vinazalishwa na mmea wenyewe.

Lakini usidhani dalili ni njaa peke yake. Ningependa msomaji alishike hili, kwa sababu wengi hufikiri virusi vinakula jani jinsi kiwavi anavyokula. Havili kitu. Madhara yanatokana na shughuli za seli kuvurugwa. Kwanza, kloroplasti, ambamo klorofili hukaa, hudhoofika. Kijani hufifia, na manjano iliyokuwa imefunikwa na kijani ikaonekana. Jani lenye kijani kidogo hutengeneza sukari kidogo, na mmea wenye sukari kidogo hauna cha kujaza punje. Pili, mmea haukai ukipigwa bila kujitetea. Una askari wake wa kukatakata nyuzi ngeni za RNA. Virusi navyo vina protini ya kuwazuia askari hao, na silaha hiyo hiyo huweza kuingilia kazi ambazo askari hao huufanyia mmea katika kukuza majani na mizizi yake. Katika tumbaku yale mabaka ya kijani kibichi aliyoyaona Mayer ni sehemu ambazo ulinzi wa mmea umeshinda. Virusi karibu havimo. Jani zima ni kama ramani ya vita.

Tatu ni homoni. Kwa jambo hili mfano bora unatoka Japani, ambako kuna virusi vingine vinavyofanya mpunga uwe mfupi kama mbilikimo, vikienezwa na vijidudu virukavyo vinavyofyonza majani. Mwaka wa 2005 ilielezwa kwamba protini moja ya virusi hivyo hushikana na vimeng'enya vinavyosaidia kutengeneza jibereli, homoni ya kurefusha mmea. Homoni ikipungua, shina halirefuki. Ukiupa mmea huo jibereli kutoka nje, hurefuka karibu kama kawaida. Sasa kumbuka vile vinundu vya Leiden: mmea unabadili umbo lake kwa amri ya mgeni.

Na kufuli je, haliwezi kubadilishwa? Linaweza. Kuna mpunga kutoka Msumbiji uitwao Gigante ambao virusi vya madoa ya manjano huushindwa. Mwaka wa 2006 watafiti walionyesha kwamba katika mpunga huu ile protini ya kuanzisha kazi imebadilika mahali pamoja tu, na ufunguo wa virusi haushiki tena. Mmea wenyewe hauna shida, unaendelea kujipikia. Wazalishaji wa mbegu wameutumia mpunga huo kupata aina nyingine zenye kinga. Hata hivyo virusi navyo hubadilika, na vipo vilivyojipatia ufunguo mpya. Kwa mkulima asiye na mbegu hiyo dawa ya kupulizia haipo. Kilichopo ni kung'oa miche iliyougua mapema, kuondoa magugu na machipukizi ya mashina ya msimu uliopita ambamo virusi hujificha, na kupanda majaruba kwa wakati mmoja na majirani.

Turudi kwa mzee wetu, maana tumemwacha Delft na hasira zake.

Nisimfanye malaika. Wanafunzi wake walimwogopa. Ulimi wake ulikuwa mkali, sifa hakutoa, na mtu akiharibu jaribio alijuta kuzaliwa. Hakuoa. Aliamini kwamba ndoa na sayansi havikai nyumba moja, wala hakupendezwa wasaidizi wake walipooa. Kwa hili simsifu hata kidogo. Ninamwona kama mtu aliyejifungia na kuwafungia wengine, na naamini wapo vijana wenye vipaji waliomkimbia. Yeye mwenyewe mara nyingi aliandamwa na majonzi mazito. Aliishi na dada zake wawili, Henriëtte na Johanna. Henriëtte alimchorea michoro mikubwa ya kufundishia, iliyotundikwa ukutani darasani, kazi ya ustadi wa hali ya juu. Jina lake halitajwi sana. Nimelitaja.

Kazi yake haikuishia kwa tumbaku. Alibuni namna ya kuwanasa vijidudu wa udongoni kwa kuwaandalia chakula na hali inayomfaa mmoja wao tu, ili huyo azidi na wengine wapungue. Njia hiyo bado hutumika katika maabara. Mwaka wa 1901 alieleza bakteria wengine wanaonasa naitrojeni bila kuishi ndani ya mizizi. Mwaka wa 1905 Waholanzi walimtunukia Nishani ya Leeuwenhoek. Kwa tumbaku hakupewa tuzo kubwa, kwa kuwa wengi hawakumwamini. Kiumbe kisicho na umbo, kisichokua peke yake, kisichoonekana, nani angekikubali?

Mwaka wa 1921, alipotimiza miaka 70, sheria ilimtaka astaafu. Aliondoka Delft kwa uchungu. Alihamia kijiji cha Gorssel pamoja na dada zake, akarudia mapenzi yake ya utotoni, mimea, akawa anaichunguza bustanini. Mwanafunzi aliyeshinda tuzo kwa mimea 150 alizeeka akiwa bado anahesabu majani na matawi. Alifariki kwa saratani tarehe 1 Januari mwaka wa 1931.

Miaka minne baadaye, mwaka wa 1935, Mmarekani Wendell Stanley alifanikiwa kupata virusi vya tumbaku katika hali ya fuwele, kama chumvi inavyoganda. Mwaka uliofuata Frederick Bawden na Norman Pirie huko Uingereza walionyesha kwamba mna RNA ndani yake. Na mwaka wa 1939 huko Ujerumani, kwa hadubini ya elektroni, virusi vya tumbaku vilipigwa picha kwa mara ya kwanza. Vilionekana kama vijiti vyembamba vilivyonyooka, urefu wake nanomita 300.